Dhiraa ya nani?

Jumamosi iliyopita mjomba alinipigia simu nikiwa ndani ya daladala, nimebanwa kati ya mama mwenye ndoo ya dagaa na kijana wa shule. Spika ya sikioni ya simu yangu imekufa, kwa hiyo huwa naongea kwa sauti ya nje, na mjomba naye ni mtu wa boti, kunong'ona hakujui. "Mwanangu! Zile risasi zangu ushazisubu? Nataka kumi na mbili, jioni natoka!"

Gari zima likanyamaza. Konda akaacha kuhesabu chenji.

"Chubwi, mjomba," nikajibu, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Sema chubwi."

"Aka! Chubwi si risasi?"

Ni risasi kweli, na hapo ndipo Kiswahili kinapotutega. Madini tunayoyayeyusha kutengeneza vizito vya mishipi yanaitwa risasi, na kile kinachotoka kwenye bunduki nacho ni risasi, kwa sababu zamani kilikuwa hayo madini matupu. Wajerumani walipopigana na Waingereza hapa hapa Tanga, Novemba 1914, askari wengi wa upande wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walikuwa bado na bunduki za muundo wa 1871, za milimita 11, zinazopiga kichwa cha risasi tupu na kutoa wingu la moshi kama jiko la kuni mbichi. Kwa bunduki ile lugha yetu haikukosea chochote.

Mimi nimesubu za aina zote mbili. Chubwi nimejifunza hapa nikiwa mtoto, kwenye mchanga wa Sahare. Zile nyingine nilijifunza Ohio, Marekani, nilikofanya kazi ya kerezo miaka kumi na moja katika karakana ya kuchonga vyuma. Niseme mapema ili nisiletewe maswali: hapa kwetu kushindilia risasi za bunduki nyumbani si burudani, ni kesi. Silaha na risasi zina sheria yake ya mwaka 2015, na sina nia ya kuijaribu. Kule ni jambo la kawaida, watu wanalifanya gereji usiku kama sisi tunavyocheza bao. Niliporudi, vyote nikaviacha. Nilichokuja nacho ni kalipa yangu ya chuma, kile chombo cha mafundi cha kupimia urefu na unene, na kichwa chenye mambo ambayo hapa hayana wa kumwambia. Ndiyo maana ninaandika.

Aliyenifundisha alikuwa mzee mmoja wa karakanani, fundi wa mashine ya kusaga vyuma, karibu na kustaafu. Alikuwa na gereji isiyoingia gari. Ndani kulikuwa na jiko la kuyeyushia, kalibu za kusubia, na mashine ya mkono ya kushindilia iliyofungwa juu ya meza kwa boliti nne. Jumapili baada ya kanisa lake ananiita, nakwenda, tunakunywa kahawa mbaya sana, tunafanya kazi.

Kwa asiyejua: risasi nzima ina vipande vinne. Kuna ganda la shaba nyeupe, ambalo ukiliokota baada ya kupiga unaweza kulitumia tena mara nyingi. Kuna fataki, kile kidude kidogo cha kitakoni kinachopigwa na sindano kikawasha. Kuna baruti. Na juu kuna kichwa, ndicho kinachoruka. Unalisafisha ganda, unalirudishia umbo, unatia fataki mpya, unapanua mdomo wake kidogo sana ili kichwa laini kisikwaruzwe wakati wa kuingia, unapima baruti, unashindilia kichwa, halafu unaubana mdomo ule uliopanuka urudi mahali pake. Mtu akikueleza hivyo, unadhani sehemu ngumu ni baruti. Baruti mizani inakusaidia. Kilichonisumbua mimi ni swali linalosikika la kijinga: kichwa kizame kiasi gani ndani ya ganda? Yaani risasi nzima, kutoka kitako hadi ncha, iwe na urefu gani?

Jibu nililidhani liko kitabuni. Mzee alikuwa na vitabu vya vipimo, vimejaa madoa ya nta, na kwa kila risasi kuna namba. Bastola yangu ilikuwa ya milimita 9, ile risasi iliyobuniwa na Georg Luger mwaka 1902 na ambayo hadi leo ndiyo inayojaa duniani. Kiwango cha viwanda vya Marekani kinasema isizidi inchi 1.169, yaani milimita 29.69. Hiyo ni dari tu. Chini ya dari hiyo kila kitabu kina namba yake kwa kila kichwa, na mimi nikachukua moja, inchi 1.125, nikaseti mashine, nikashindilia risasi hamsini. Nikazipima moja moja kwa kalipa. Zote sawasawa, hazipishani thau mbili. (Thau ndivyo tunavyosema mafundi: sehemu moja ya elfu ya inchi. Unywele wa mtu ni kama thau tatu.) Nikazipanga kisandukuni kama mayai, nikazifurahia kupita kiasi.

Uwanjani, ya kwanza haikuingia vizuri. Sehemu ya juu ya bastola ilirudi mbele ikasimama kabla ya kufunga, imebaki upana wa shilingi. Nikaisukuma kwa kiganja. Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, maana ilijikaza zaidi. Nikavuta kwa nguvu kurudisha nyuma, na kilichotoka ni ganda peke yake. Kichwa kilibaki kimekwama mtutuni kama kizibo, na baruti yote ikamwagika ndani ya mashine, chembe za kijivu kila kona, nyingine kwenye mkono wa shati langu. Mzee hakusema neno. Aliichukua bastola, akaifungua, akatafuta kijiti cha mbao, akakigonga kile kichwa kwa upande wa mdomo wa mtutu hadi kikadondoka mezani. Akanionyesha. Mabegani mwake, pande zote, kulikuwa na mikwaruzo midogo inayong'aa, imepangana kwa nafasi sawa.

Akaniuliza: namba uliitoa wapi? Nikasema kitabuni. Akasema, mtutu wa kitabuni unao wewe?

Hapo nikamkumbuka bibi yangu wa Makorora, Mungu amrehemu. Zamani kamba na nguo vilipimwa kwa mkono: shibiri, dhiraa, pima. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Bibi akitaka kamba ya kuanikia, hanitumi mimi dukani, anamtuma kaka yangu mkubwa, na anamwambia amwombe mwenye duka ampimie kwa mkono wa yule msaidizi mrefu, si kwa mkono wa tajiri mwenyewe aliyekuwa mfupi. Ukimjia na kamba akaiona fupi, ukamwambia "ni dhiraa kumi, bibi," swali lake lilikuwa moja: "Dhiraa ya nani?"

Namba ya kitabuni ilikuwa dhiraa ya mtu mwingine. Na kulikuwa na jambo jingine chini yake, ambalo nililielewa Jumapili ile mzee alipokaa kunieleza kwa penseli nyuma ya bahasha.

Kalipa inapima hadi kwenye pua ya risasi. Lakini pua haigusi kitu. Ndani ya mtutu, mbele tu ya chemba ambamo ganda linakaa, inaanza ile mifereji ya kuzunguka inayokipa kichwa mzunguko, na kati ya mfereji na mfereji kuna matuta. Matuta hayo yanakutana kwanza na bega la kichwa, pale kinapoanza kunenepa hadi kufikia unene wake kamili. Sasa kile kichwa cha kitabuni kilikuwa cha mviringo, chembamba kama ncha ya kidole, bega lake limelala nyuma. Cha kwangu, kilichotoka kwenye kalibu ya mzee, kilikuwa kama koni iliyokatwa ncha, pua bapa na bega pana lililosogea mbele. Vishindilie vyote viwili kwa urefu ule ule wa inchi 1.125. Kalipa itasema ni ndugu. Mtutu utakwambia hawajuani. Urefu ule ule wa pua, bega la mmoja limetangulia mbele karibu milimita moja na nusu.

Ongeza na hili: kichwa cha kusubu hufanywa kinene kidogo kuliko kile cha kiwandani kilichovikwa shaba nyekundu. Cha kiwandani ni inchi 0.355, cha kusubu watu hutumia 0.356 au 0.357, kwa sababu risasi laini isipoujaza mtutu sawasawa, gesi ya moto hupita ubavuni mwake, huiyeyusha, na kuubandika utandu wa madini kwenye mtutu, na kuukwangua ni kazi ya jioni nzima. Unene ule unaokuokoa huko ndio unaokukwamisha huku. Na mitutu nayo haifanani. Kuna bastola, za CZ zinajulikana kwa hilo, ambazo matuta yake huanza mapema sana mbele ya chemba, na kuna nyingine ambazo zimeachiwa nafasi ya kutosha. Risasi inayoingia kwa jirani yako bila shida inaweza kukataa kwako.

Basi mzee akanifundisha kupima kwa mtutu wenyewe. Nilipenda jambo hili kuliko yote niliyojifunza gerejini kwake, pengine kwa sababu halihitaji chombo chochote. Unatengeneza risasi ya bubu, haina fataki, haina baruti, ganda na kichwa tu, na unaiacha ndefu makusudi. Unaufungua mtutu kutoka kwenye bastola, unausimamisha mdomo chini. Unaiachia risasi idondoke ndani. Kama ni ndefu, inatua kwa sauti butu, kama kopo lililoanguka kwenye mchanga, na kitako chake kinabaki kimechomoza. Ukiizungusha kwa vidole inakataa, unasikia kabisa inavyokuna. Ukiugeuza mtutu, haitoki, inabidi uivute. Unairudisha mashinani, unaizamisha thau tano. Unarudia. Thau tano nyingine. Halafu ghafla, safari moja, unaiachia na inalia *tak*, kavu, chuma kwa chuma, kwa sababu sasa imesimama juu ya mdomo wa ganda, kama inavyotakiwa kwa risasi hii. Inazunguka kwa kidole kimoja. Ukiugeuza mtutu inadondoka yenyewe kiganjani.

Sauti ile nilikuja kuipenda kama fundi wa milango anavyopenda komeo linalojibu.

Kama hujui inagusa wapi, unachukua kalamu ya wino mweusi, unakipaka kichwa na mdomo wa ganda, unaidondosha, unaizungusha, unaitoa. Panapong'aa ndipo panapogusa. Mng'ao ukiwa begani, kichwa kiko mbele mno. Ukiwa kwenye mdomo wa ganda, urefu hauna kosa: hukuubana mdomo vya kutosha, au ganda limenyoa ukingo wa kichwa na kuacha kipande chembamba cha madini pale mdomoni. Mara nyingi nimeona watu wanazidi kukizamisha kichwa kumbe kosa liko kwenye mdomo.

Na kuzamisha ndiko kunakotisha. Baada ya aibu ya uwanjani nilitaka kukimbilia upande wa pili: nizifupishe zote, ziingie popote, nisipate taabu tena. Mzee, mtu ambaye sikumsikia akipandisha sauti hata siku mashine ilipomkata kidole, siku ile alipandisha. Ganda la milimita 9 ni dogo, nafasi iliyobaki chini ya kichwa ni finyu, na kiwango chake cha juu cha shinikizo kimewekwa pauni 35,000 kwa inchi ya mraba. Ile risasi kubwa ya .45 (unene wa kama inchi 0.45) ya John Browning inakwenda kwa 21,000. Katika chumba kidogo namna hiyo, baruti ile ile ukiipunguzia nafasi, shinikizo linapanda, na halipandi kwa adabu. Ukirefusha kupita kiasi, bastola inakataa kufunga na unabaki na aibu. Ukifupisha kupita kiasi inakubali, inafunga vizuri, na unavuta kifyatulio ukijiona fundi.

Kwa hiyo kazi ni kutafuta urefu mkubwa kabisa ambao mtutu unaukubali, halafu kurudi nyuma kidogo, thau kumi na tano au karibu na hapo, kwa ajili ya uchafu na kwa ajili ya vichwa ambavyo havikusubiwa sawa. Kisha unaangalia kama inaenea kwenye magazini na kama inapanda kutoka humo bila kugonga. Mwisho kabisa ndipo unakwenda kwenye baruti, na unaanza na kipimo cha chini, kwa sababu urefu wako si ule wa kitabuni, na baruti iliyoandikwa pale iliandikwa kwa nafasi ya pale. Yangu iliishia inchi 1.065. Ukiniambia ni fupi nitakuuliza la bibi.

Kwa bastola za silinda mambo ni mepesi zaidi, maana kichwa chake kimechongwa mfereji mdogo wa kubania mdomo, na mfereji ule ndio unaokwambia uishie wapi. Ubane sawasawa tu, la sivyo mshtuko wa kupiga unavichomoa vichwa vya jirani, kimoja kinachungulia mbele, na silinda inagoma kuzunguka.

Kuna jambo moja lililonichukua wiki tatu kulijua. Nilikuwa naanza jioni na 1.065, nikifika ya themanini nakuta 1.058, ya mia 1.055. Mashine sijaigusa. Nikadhani kalipa imechoka. Kumbe ni mafuta. Vichwa vya kusubu hupakwa kilainishi, na cha mzee kilikuwa nusu nta ya nyuki, nusu grisi maalumu. Kila kichwa kinachopita kinaacha kidogo ndani ya dai, kile kipande cha mashine kinachokisukuma kichwa ndani ya ganda, panajikusanya, panakuwa pagumu kama sabuni, na kila risasi inasukumwa chini zaidi ya mwenzake. Dawa ni kitambaa na kijiti kila baada ya hamsini. Siku nilipomwonyesha mzee lile donge la nta akacheka. Nikamwambia kwetu nyuki wana historia yao na risasi, nikamsimulia vile vita vya 1914, jinsi milio ilivyoitibua mizinga ya nyuki kwenye miti na jeshi la Waingereza lililoshuka kutoka India likakimbizwa na wadudu juu ya kukimbizwa na askari. Wazungu wenyewe wanaviita vita vya nyuki. Hakuniamini hadi alipokwenda kusoma. Tangu siku hiyo kila akifungua kopo la kilainishi ananiita mtu wa Tanga.

Sasa nirudi kwa mjomba na chubwi zake, maana aliendelea kupiga simu.

Madini ninayotumia ni vizito vya matairi, vile vinavyogongwa kwenye ukingo wa rimu kusawazisha gurudumu. Nanunua kwa kilo kwa mafundi wa matairi. Siku hizi unabidi uchague, kuna vya chuma na kuna vya zinki. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327, zinki kwenye 419, kwa hiyo ukiuweka moto wa wastani zinki inaelea juu, unaichota kwa kijiko. Ndani ya vizito hivyo mna antimoni kidogo inayoyafanya madini kuwa magumu. Antimoni, kwa taarifa yenu, ndiyo iliyomo katika jiwe ambalo watu wa kale walilisaga wakapaka machoni kama wanja. Kwa chubwi ugumu hauna kazi. Samaki hajali.

Betri za gari siyeyushi, na nimegombana na vijana wawili wa pwani kwa ajili hiyo. Wanazipasua, wanamwaga tindikali mchangani, wanachoma sahani zake kwenye karai huku watoto wamekaa upande upepo unakokwenda. Vumbi lile na moshi ule vinaingia damuni na havitoki upesi. Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, si mbali na sisi, watu waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, wakaugua, wakaenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ikawapa haki. Mimi nayeyushia nje, upepo ukiwa mgongoni, kalibu nimeipasha moto kwanza. Tone moja la maji likiingia chini ya risasi iliyoyeyuka, sufuria nzima inakurukia usoni. Nikimaliza naosha mikono hadi viwikoni kabla sijagusa hata simu.

Jioni nilizipeleka Deep Sea, pale pwani kwenye ngalawa ya mjomba, kumi na mbili kwenye mfuko wa sandarusi. Nilikuwa nimezipima zote kwa kalipa, kwa sababu sijiwezi: urefu milimita 62, ya kwanza hadi ya mwisho, tofauti isiyoonekana. Nikamwambia mjomba, kwa fahari kidogo, kwamba ziko sawa kama pacha.

Akachukua moja, akaipima kiganjani, macho yako baharini. Akaichukua nyingine. Akatoa kisu mkandani, akaiweka ya kwanza juu ya ukingo wa ngalawa, akakata kipande cha kama nusu kidole, akakitupia mfukoni mwangu.

"Leo bamvua," akasema, "lakini pale ninapokwenda maji hayavuti hivyo. Hizi umezipimia wapi?"

"Nyumbani."

Akachukua ya pili, akaanza kuikata.